Mkutano wa jiokeshi usiku: mbalamwezi au kiza?

Jiokeshi ni mchezo wa kusaka vijisanduku vilivyofichwa, kwa kufuata GPS (kifaa cha kuonyesha mahali kwa satelaiti). Wageni wakiwa wengi, chagua mbalamwezi. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, hivyo mwanga upo usiku kucha, mawingu yakiruhusu. Mashimo na visiki huonekana bila tochi, ilmradi macho yamepewa dakika 20 hadi 30 kuzoea. Mtu mmoja akiwasha tochi nyeupe, mnaanza upya. Daftari la majina ya waliofika lisainiwe kwa taa nyekundu. Chini ya miti minene, mwezi hausaidii kitu.

Kiza kinafaa njia iliyowekwa pini za kuakisi. Vaa tochi kichwani: pini hurudisha mwanga ulikotoka, na ukiishika tochi kiunoni macho yako huukosa mwingi wa mwanga huo. GPS hukosea mita kadhaa vilevile, kuwe na mwezi au la.