Nyota nne na nusu, na bado shingo iliniuma: nilivyopata mkahawa wa kufanyia kazi

Mkahawa niliotulia nao una nyota chache za maoni ya wateja mtandaoni kuliko mikahawa mitatu iliyo jirani yake. Nalisema hili mapema kwa sababu nyota ndizo zilizonipotezea wiki sita za mwanzo, na wengi wanaotafuta mahali pa kufanyia kazi mtaani kwao huanzia pale pale nilipoanzia mimi.

Kazi yangu ni kuhariri ripoti. Haihitaji ofisi. Inahitaji meza, umeme, mtandao na kichwa kilichotulia. Nilikuwa naifanyia nyumbani mpaka jengo la jirani lilipoanza kubomolewa, mashine za kuvunja zege zikawa zinanguruma kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Nikafungua ramani kwenye simu, nikatafuta mikahawa iliyo ndani ya mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, nikaipanga kwa nyota, nikaenda kwenye ule wa kwanza.

Ulikuwa mzuri kweli kweli. Kahawa ilikuwa na utamu wake hata bila sukari, wahudumu wakarimu, mimea inaning'inia kila pembe. Lakini meza zilikuwa za duara, ndogo kama sinia, na zilinifika magotini. Viti havikuwa na egemeo. Soketi niliyoiona ukutani ilikuwa moja tu, nyuma ya jokofu la keki, na ilikuwa inatumiwa na jokofu lenyewe. Ilipofika saa sita mchana shingo iliniuma, chaji imebaki asilimia 12, na kurasa nilizohariri hazikufika tano. Siulaumu ule mkahawa, haukutengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Kosa lilikuwa kwenye namna nilivyoutafuta. Mtu aliyekunywa kikombe kimoja kwa dakika ishirini alitoa nyota tano za haki kabisa, nami nikazisoma kana kwamba alishinda pale nusu siku.

Tangu siku ile naupima mkahawa kwa saa ya tatu ya kukaa kwangu. Kikombe cha kwanza hupendeza karibu kila mahali. Saa ya tatu ndiyo inayoonyesha kama kiti kinafaa, kama mtandao unahimili, kama jikoni wana kitu cha kukushibisha, na kama wenyewe wanataka uendelee kuwepo.

Siku hizi kabla ya kwenda popote naanza na picha, na zile nzuri za wenye mkahawa naziruka. Natafuta zilizopigwa na wateja, hasa zile zilizopigwa ovyo: mtoto anakula, nyuma yake unaona ukuta mzima. Humo ndimo soketi zinapoonekana, na urefu wa meza ukilinganisha na kiti, na kama kuna mtu mwingine aliyefungua kompyuta. Meza ya kuandikia huwa na kimo cha sentimita 70 hadi 75 hivi. Ukiona kwenye picha goti la mtu liko juu kuliko meza, hapo pa mazungumzo, si pa kazi. Kisha ndani ya maoni natafuta neno "laptop" au "waifai" na kuyapanga kuanzia mapya, maana mkahawa unaweza kubadilisha utaratibu wake mwezi mmoja tu baada ya kusifiwa. Google Maps pia huonyesha saa ambazo watu hujaa. Mchoro ule nauamini kuliko nyota, kwa sababu haumtegemei mtu yeyote kuwa na furaha siku ile.

Halafu naenda mara moja bila kompyuta, kwa saa ile ile ninayotarajia kufanya kazi. Hili watu wengi hawalifanyi, na ndilo lililoniokoa zaidi. Mkahawa wa saa tatu asubuhi na mkahawa wa saa saba mchana ni sehemu mbili tofauti zenye mlango mmoja.

Sasa mtandao. Kulikuwa na mkahawa mmoja nilioupenda kwa kila kitu, lakini kila baada ya muda mtandao ulikuwa unakatika kwa dakika moja au mbili kisha unarudi. Nilifikiri ni wingi wa watu. Siku ya nne ndipo nilipoligundua jambo: ulikatika kila mtu alipoagiza chakula cha kupashwa moto. Meza yangu ilikuwa imepakana na dirisha la jikoni, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na maikrowevu. Tanuri zile hufanya kazi kwenye masafa ya karibu gigahezi 2.45, na waifai ya aina ya zamani iko kwenye gigahezi 2.4, kwa hiyo mionzi kidogo inayovuja huivuruga waifai iliyo karibu. Haimdhuru mtu aliyekaa pale, ila inakata mawasiliano. Nilimuuliza mhudumu, akaniambia wana jina la pili la mtandao linaloishia na 5G. Hiyo ni waifai ya gigahezi 5, wala haihusiani na mtandao wa simu wa 5G. Nikahamia huko na tatizo likaisha papo hapo. Ukiona majina mawili kwenye orodha, chagua hilo, na ukae mbali na jikoni, kwa sababu gigahezi 5 huchoka haraka inapopita kuta.

Kasi yenyewe si ya kuhangaikia sana. Mazungumzo ya video yanatosheka na megabiti 3 au 4 kwa sekunde, ili mradi ziwepo kwenda na kurudi. Wengi hupima kasi ya kupakua tu, kumbe kinachokukwamisha mbele ya wenzako kazini ni kasi ya kupakia. Napima zote mbili nikishaketi, kabla sijaagiza kitu cha pili. Na kwa vile mtandao wa mkahawa ni wa watu wote, mambo ya benki nayafanya kwa data ya simu yangu.

Kelele nazo niliziogopa bure. Nilikuwa natafuta mahali pakimya kabisa, na nilipopapata nilishindwa kufanya kazi, kwa sababu kila kijiko kilichogonga sahani kilinifanya nigeuke. Mtafiti Ravi Mehta na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti ulioonyesha kwamba watu walifanya vizuri zaidi kazi za ubunifu kwenye kelele ya desibeli 70 kuliko kwenye desibeli 50, na ilipofika 85 wakaharibikiwa. Desibeli 70 ni kama mkahawa wenye watu wanaoongea kawaida. Ndivyo ilivyo kwangu, lakini kwa nusu tu ya kazi yangu. Ninapoandika upya aya iliyokufa, mvumo wa watu unanisaidia. Ninaposahihisha majedwali ya takwimu, hata maneno mawili ya meza ya jirani yananiharibia safu nzima. Kwa hiyo majedwali nayafanya asubuhi na mapema, na uandishi naupeleka kuelekea mchana watu wanapoongezeka. Muziki ni habari nyingine. Wenye maneno ya lugha ninayoielewa unanitoa kwenye sentensi, na spika iliyo juu ya kichwa changu inatosha kunifanya nihame meza.

Kahawa nitaisemea kwa kifupi, ingawa naipenda sana. Namtazama anayeitengeneza. Anasaga pale pale au kahawa ilisagwa tangu asubuhi? Espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayotolewa kwa mashine, huchukua takriban sekunde 25 hadi 30 kutoka, kwa shinikizo la karibu bari 9. Ikimwagika kwa sekunde kumi itakuwa chachu na nyepesi, ikidondoka kwa dakika nzima itakuwa chungu. Maziwa yakipita nyuzi 70 hupoteza utamu wake, na kikombe kinachokuunguza ulimi mara nyingi ni cha mtu aliyekuwa na haraka. Kwa kukaa muda mrefu mimi naagiza kahawa ya kuchujwa, maana inabaki tamu hata ikipoa, wakati kahawa ya maziwa iliyopoa haina mwenyewe. Kikombe changu cha mwisho hakivuki saa nane mchana. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, na nililala vibaya karibu mwezi mzima kabla sijaihusisha na kile kikombe cha saa kumi jioni. Baada ya hapo naagiza chai ya majani yasiyo na kafeini, au maji na chakula.

Na chakula ndicho kinachosahaulika kabisa kwenye maoni ya watu. Mtu anayekaa saa nne lazima njaa imkute. Mikahawa mingi niliyoijaribu ina keki tu, na keki mbili za asubuhi pamoja na kahawa tupu zilinifikisha saa sita nikiwa natetemeka vidole. Natafuta mahali penye jiko la kweli hata kama ni dogo: mayai, supu, mkate wenye kitu ndani, mboga. Menyu ndefu inanitia wasiwasi. Jiko lenye watu wawili likiahidi vyakula arobaini, vingi vimetoka kwenye friza. Menyu ya vyakula sita au saba inayobadilika kila wiki imenishibisha mara nyingi zaidi. Nimejifunza pia kuuliza jiko linafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi, kwa sababu mara mbili niliambiwa jikoni wamefunga huku mlango wa mkahawa ukiwa wazi hadi usiku. Chakula kikija, nafunga kompyuta na kula. Nilikuwa nakula huku nikiandika, mafuta yakaingia kwenye vibonye, na chakula chenyewe nilikuwa sikionji.

Kuna jambo moja linaloamua yote haya, nalo ni kama wenye mkahawa wanakutaka. Kukaa kazini mkahawani si jambo lililoletwa na kompyuta. Mkahawa wa Edward Lloyd huko London katika miaka ya 1680 ulijaa wenye meli na wafanyabiashara waliokuwa wakipeana habari na mikataba mezani, na soko la bima linaloitwa Lloyd's hadi leo lilizaliwa humo. Lakini mkahawa hauuzi kahawa peke yake, unauza na nafasi. Kiti changu kikikaliwa saa tatu kwa kikombe kimoja, kuna watu wawili au watatu waliokosa kuketi na mwenye mkahawa amelipa kodi na mishahara kwa hasara. Kwa hiyo nanunua kitu kila baada ya saa moja na nusu hivi. Sikai meza ya watu wanne nikiwa peke yangu. Saa ya chakula cha mchana ikifika, ama naagiza chakula ama naondoka. Simu naipokea nje. Na siku ya kwanza kabisa nauliza waziwazi kaunta: "Samahani dada, nikikaa hapa na kompyuta mpaka mchana itawasumbua?" Jibu la swali hilo, na sura ya anayelijibu, vimeniambia zaidi ya maoni yote niliyowahi kusoma. Mahali pamoja nilijibiwa "kaa tu" kwa sauti iliyonifanya nisirudi tena. Kwingine nilielezwa kwa upole kwamba mwisho wa wiki hawaruhusu kompyuta, na hapo niliridhika kabisa, kwani utaratibu uliosemwa wazi ni rahisi kuufuata.

Mkahawa nilioamua kubaki nao niliupita kwa miguu zaidi ya mara kumi bila kuuona, kwa kuwa uko kwenye uchochoro nyuma ya duka la vitabu na bango lake ni dogo. Una meza moja ndefu ya mbao katikati na nne ndogo ukutani, kila moja na soketi yake chini. Dirisha liko ubavuni mwa meza hizo, kwa hiyo mwanga haupigi kwenye kioo cha kompyuta wala machoni. Wana supu mbili kila siku, na supu hiyo ndiyo inayonirudisha. Mtandao haujawahi kukatika zaidi ya mara moja tangu nianze kwenda. Kasoro zake zipo: choo ni kimoja na foleni yake saa saba ni ndefu, kiyoyozi hupuliza moja kwa moja kwenye meza ya mwisho, na kahawa ya kuchujwa hupikwa hadi saa sita tu, ukichelewa umeikosa. Espreso yao ni ya wastani. Ningekuwa nahukumu kikombe peke yake ningewapa nyota tatu. Kwa saa ya tatu nawapa tano, na sisiti.

Ubomoaji wa jirani umekwisha na nyumbani kumetulia tena, lakini bado naenda pale Jumanne na Alhamisi. Naingia mlango unapofunguliwa, naanza na majedwali. Mhudumu wa asubuhi ameshajua nitaagiza nini, ila kila mara ananiuliza kwanza, na supu ya siku anaiandika ubaoni kabla sijamaliza kikombe cha kwanza. Meza ya pili kutoka dirishani huwa wazi mpaka saa nne na nusu hivi.