Alama za bure za kuchorea mpango wa taa za jukwaani: zipi zinafaa, zipi zinamaliza bando

Nachora mipango ya taa kwa vikundi vya maigizo na ngoma hapa Dar es Salaam, na kitu kilichonisumbua kwa muda mrefu ni yale maumbo madogo yanayosimama badala ya taa kwenye karatasi. Programu kubwa za kazi hii, Vectorworks Spotlight ikiwa mbele, huja na maktaba nzima ya alama hizo. Lakini leseni yake haibebeki kwa kikundi kinachogawana mapato ya mlangoni. Nimetafuta sana alama za bure, nimezifanyia kazi za kweli, na naandika haya kwa sababu najua kuna mwenzangu Mwanza, Mombasa au Kampala anayetafuta kitu hikihiki.

Kwanza tukubaliane alama inatakiwa ifanye nini. Mchoro wa taa huchorwa kwa skeli, mara nyingi 1:50 au 1:25, na alama inapaswa kuwa na ukubwa halisi wa taa inavyoonekana ukiwa juu yake. Bila hivyo mchoro unakudanganya. Wamarekani wana desturi ya kuacha inchi 18 kutoka taa hadi taa, yaani kama sentimita 45, ili fundi apate nafasi ya kuigeuza taa bila kugonga jirani yake. Kwa hesabu hiyo bomba la kuning'inizia taa lenye mita nne linabeba taa tisa. Ukitumia vijiumbo visivyo na kipimo, karatasi itakuonyesha kumi na mbili zinaenea vizuri kabisa, na ukweli utajulikana fundi akiwa tayari juu ya ngazi. Ndiyo maana kila alama niliyopakua naipima kwanza kwa kipimo kimoja: je, ina vipimo vya kweli?

Kuhusu sura ya alama zenyewe, hakuna haja ya kubuni chako. Upo mwongozo uitwao RP-2, uliotolewa mwaka 2006 na USITT, taasisi ya Marekani ya mafundi na wabunifu wa jukwaa, ile ile iliyotuletea DMX512, lugha ambayo meza ya taa hutumia kuziamuru taa, mwaka 1986. Humo utakuta umbo la taa ya profaili (yenye mwanga wa ukingo mkali), la freneli (yenye mwanga laini), la PAR (taa ya duara kama kopo), la taa ya kichwa kinachozunguka, pamoja na mpangilio wa maandishi: namba ya taa ndani ya umbo, namba ya chaneli (ile ambayo meza ya taa huiitia taa) ndani ya duara, rangi upande wa lenzi. Nauthamini sana huu mwongozo. Fundi aliyesoma Nairobi na aliyejifunzia kazini Bagamoyo wote wanaweza kuusoma mchoro wangu bila kunipigia simu. Hata hivyo weka ufunguo wa alama pembeni mwa karatasi kila mara, maana nchi hazifanani kwa desturi, na kumbi zetu zina taa za kila asili.

Sasa mahali pa kuzipata. Chanzo bora kuliko vyote, na ambacho watu wengi wanakiruka, ni tovuti za watengenezaji wa taa wenyewe. Chukua ETC: taa yao ya Source Four, iliyoingia sokoni mwaka 1992, ndiyo profaili utakayoikuta katika kumbi nyingi duniani, na michoro yake wanaitoa bure. Robe na Martin nao hutoa michoro ya taa zao. Faida ni wazi. Aliyechora ndiye aliyeitengeneza taa, kwa hiyo vipimo ni sahihi. Kero ni kwamba michoro mingi ya watengenezaji imechorwa kwa undani kupita kiasi, kila skrubu na kila tundu la kupoozea limo. Ukiweka taa ishirini za namna hiyo, kompyuta ya kawaida inaanza kukokota, na ukichapa kwa 1:50 mistari yote inageuka doa jeusi. Mimi huchukua mstari wa nje tu, nikaongeza lenzi na kishikio, nikafuta yaliyobaki.

Jambo jingine la kuangalia ni vipimo vya nchi na nchi. Michoro ya Kimarekani mingi iko kwa inchi, na sisi tunachora kwa milimita. Ukiingiza alama ya inchi kwenye mchoro wa milimita inakuja ndogo kama punje ya mchele. Izidishe kwa 25.4 nayo inarudi kwenye ukubwa wake. Hakikisha kwa kupima urefu wa taa unayoijua. Mwili wa Source Four ya kawaida unazidi kidogo nusu mita. Ukipata kitu cha sentimita mbili, umeshajua tatizo liko wapi. Pia faili nyingi ni za DWG, muundo wa michoro ya AutoCAD, ambazo programu za bure hazizisomi zote. ODA File Converter hubadilisha DWG kuwa DXF, muundo ambao programu nyingi za kuchora huusoma; ni ya bure, na inabadilisha folda nzima kwa mkupuo.

Chanzo cha pili ninachokipenda ni GDTF Share, tovuti ya kupakulia faili za taa. GDTF ni muundo wa faili ulioanzishwa na MA Lighting, Robe na Vectorworks ili taa moja ielezwe mara moja na programu zote ziielewe. Mwaka 2020 ulipewa hadhi ya DIN SPEC 15800 huko Ujerumani. Unajiandikisha bure, unatafuta taa, unapakua. Ndani yake hamna umbo peke yake: mna uzito, umeme inaotumia, na orodha ya chaneli zake za DMX, yaani amri inazopokea, kwa kila modi ya kuiendesha. Kuna faili zilizowekwa na watengenezaji na nyingine na watumiaji, na ubora unatofautiana sana, kwa hiyo chagua ya mtengenezaji ikiwepo. Hata kama programu yako haiijui GDTF, faili hiyo ni zipu tu. Badilisha kiishio chake kuwa .zip, ifungue, na ndani utaona folda ya maumbo, picha ya taa, na faili la XML unaloweza kulisoma kwa macho. Zenye mchoro wa SVG zinaingia moja kwa moja Inkscape, programu ya bure ya kuchora. Nyingine zina umbo la 3D pekee, na hapo kazi inaongezeka.

Zile tovuti za "maelfu ya bloku bure" (bloku ni alama iliyo tayari kuwekwa kwenye mchoro) nazipita haraka. Moja niliyoijaribu ilinitaka namba ya simu, ikanionyesha matangazo, kisha ikanipa zipu yenye taa za sebuleni na za barabarani. Nyingine ilikuwa na freneli nzuri sana kwa macho, lakini haina kipimo chochote wala jina la taa. Usimalize bando huko.

Kwa kuchorea natumia LibreCAD, ambayo ni ya bure kabisa na haihitaji kompyuta kali. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kutaja folda ya maktaba; weka humo alama zako za DXF, zipange kwa folda ndogo ndogo, profaili kwake, freneli kwake, LED kwake, nazo zitaonekana pembeni tayari kuwekwa. Unapoweka alama unaweza kutaja pembe na kizidisho palepale, na hapo ndipo ile 25.4 inapofanya kazi yake. Kinachonikwaza ni kwamba alama haibebi taarifa zake: huwezi kuandika namba ya chaneli na rangi ndani ya taa kisha programu ikutolee orodha, kama zinavyofanya programu za kulipia. Naandika maandishi kwa mkono kwenye tabaka lake, na orodha naitunza kwenye jedwali la LibreOffice Calc. Kwa onyesho la taa thelathini inawezekana. Kwa taa mia mbili nisingemshauri mtu.

Na sasa sehemu ambayo maktaba zote za dunia hazitakusaidia. Taa nyingi tunazofanyia kazi hapa ni zile PAR za LED za Kariakoo, zenye LED 54 za wati 3 kila moja, zisizo na jina, au zenye jina ambalo mwezi ujao litakuwa jingine. Hazimo kwa mtengenezaji, hazimo GDTF Share. Hizi lazima uzichore mwenyewe, na ni kazi nyepesi. Chukua futi ya fundi, pima kipenyo cha mdomo, kina cha mwili, na upana wa kishikio kikiwa kimefunguliwa. Chora umbo la PAR kama RP-2 inavyoelekeza, kwa vipimo vyako. Kisha tumia skrini ndogo ya nyuma ya taa uangalie modi zake, andika ina chaneli ngapi, maana taa mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa moja ya chaneli saba na nyingine ya nane. Zikiwa za saba, anwani za DMX, yaani namba ya chaneli ya kwanza ya kila taa, zinakuwa 1, 8, 15, 22, na kuendelea. Andika hilo kwenye mchoro. Anayekuja kufunga taa anaanza kuweka anwani akiwa chini, kabla hazijapanda.

Ukiwa na alama zenye kipimo, kuna zawadi nyingine: unaweza kuchora mwanga wenyewe. Upana wa mwanga ni mara mbili ya umbali ukizidisha na tanjiti ya nusu ya pembe ya mwanga wa taa. Kutoka mita 6, profaili ya nyuzi 26 inatoa duara la kama mita 2.8, ya nyuzi 36 kama mita 3.9, na ya nyuzi 50 kama mita 5.6. Nimejitengenezea bloku za maduara hayo nikaziweka kwenye maktaba pamoja na taa. Nikipanga ngoma ya wachezaji kumi wanaoenea jukwaa zima, naona kabla ya kukodi chochote kwamba profaili nne za nyuzi 26 zitaacha giza katikati yao.

Suala la kuchapa linahitaji uangalifu. Karatasi ya A3 kwa 1:50 inachukua eneo la mita 21 kwa karibu 15, inatosha jukwaa na safu za mbele za watazamaji. Lakini mashine nyingi za steshenari zimewekwa zipunguze ukurasa ili uenee, na skeli yako inakufa hapohapo bila mtu kujua. Toa PDF, mwombe kijana wa kaunta achape asilimia 100, na chora mstari wa mita 5 chini ya mchoro. Kwa 1:50 uwe sentimita 10 juu ya karatasi. Upime kwa rula kabla hujalipa.

QLC+ nayo ni ya bure na ina maktaba kubwa ya taa, pamoja na mwonekano wa juu wa jukwaa, ila iliundwa kwa ajili ya kuendesha taa, si kutoa mchoro wa kumpa fundi. Naitumia usiku wa onyesho. Kama wewe ni mwanafunzi au mwalimu wa chuo, anza kwa kuomba leseni ya elimu ya Vectorworks, ambayo hutolewa bila malipo. Kwa sisi wengine, LibreCAD pamoja na michoro ya watengenezaji na maktaba yako ya LED za Kariakoo inatosha kwa ukumbi wa kawaida, na kitu ambacho bado sijakipata bure popote ni michoro ya kumbi zetu zenyewe, yenye urefu wa mabomba na mahali soketi zilipo. Hiyo naendelea kuichora ukumbi kwa ukumbi, na faili zangu za DXF nampa yeyote anayeziomba.