Klachi ya gari la spoti Dar es Salaam: ipi ununue, ipi uiache dukani

Klachi yangu ilikata tamaa Kimara, mlimani, saa kumi na mbili jioni foleni ikiwa imesimama. Nilikuwa na Toyota Altezza RS200 ya gia sita. Nikakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ukapanda mpaka elfu tano, gari likabaki palepale linajikokota, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Tangu siku ile nimebadilisha klachi ya gari hilo mara mbili. Ya pili ilitokana na kosa la ya kwanza, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Lakini kabla hujatoa hela, hakikisha mgonjwa ni klachi. Tafuta barabara tupu, asubuhi ya Jumapili inafaa, weka gia ya nne ukiwa kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikiruka na mwendo usiongezeke, pleti, yaani diski ya klachi inayosuguana, imeisha au imelowa oili. Ikiwa tatizo ni gia kugoma kuingia, au pedali inazama bila kurudi, usikubali kushushiwa giaboksi hata kidogo mpaka klachi masta na silinda ya chini, yaani pampu za mafuta zinazosukuma klachi, zikaguliwe. Raba zake zikichoka huvujisha mafuta, na kuzitengeneza ni kazi ndogo. Sikiliza pia kelele: ikija unapokanyaga pedali, ni relizi beringi, ile inayoachanisha klachi; ikipotea unapokanyaga, mara nyingi ni beringi ya ndani ya giaboksi, na klachi mpya haitaiponya.

Sasa kosa langu. Gerezani, Kariakoo, nilinunua pleti peke yake, bila presha pleti, yaani sahani inayoibana, wala relizi beringi. Fundi aliniambia, "Bosi, presha hii bado nzima, na beringi bado inazunguka vizuri." Nikafurahi kuokoa hela. Miezi mitatu baadaye beringi ikaanza kulia, giaboksi ikashushwa tena, nikalipa ufundi uleule mara ya pili. Kwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, kufika kwenye klachi ni kufungua propela shafti, kusogeza bomba la moshi, kutenganisha giaboksi na injini. Kazi hiyo haipungui kwa sababu umenunua kipande kimoja. Kwa hiyo ninapopanga chaguo hapa chini, ninahesabu spea pamoja na ufundi, tena kwa gari linalolala Dar na kushinda kwenye foleni ya Dar.

Namba moja: seti kamili mpya, ya kiwango cha kiwanda

Kwa watu wengi wenye Altezza, Celica, RX-8 au Impreza isiyoongezwa nguvu, hili ndilo jibu. Seti kamili ni pleti, presha pleti na relizi beringi. Ongeza beringi ya pailoti, inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi, kama gari lako linayo. Kwa magari ya Kijapani natafuta Aisin, ambayo ni ya kundi la Toyota, au Exedy ya Osaka, kampuni ile iliyokuwa ikiitwa Daikin mpaka 1995. Kwa BMW na ndugu zake wa Ulaya, Sachs, LuK na Valeo ni majina ya kuaminika.

Sababu ya kuiweka juu ni foleni yenyewe. Kutoka Ubungo mpaka Mbezi unaweza kuondoka na kusimama mara mia, na kila unapoondoka pleti huteleza kidogo kabla ya kushika. Laini za kawaida, yaani tabaka la kusuguana lililo juu ya pleti, zimeundwa kuvumilia mtelezo huo mdogo: zinashika polepole, hazirushi gari, na springi za katikati ya pleti hunyonya mshtuko usifike kwenye giaboksi. Watu husema klachi ya kiwanda ni dhaifu kwa gari la spoti. Altezza RS200 ya gia sita ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7600, na klachi yake iliundwa kuibeba nguvu hiyo yote. Kama hujaigusa injini, klachi imara zaidi inakupa mguu mzito tu.

Unapoenda dukani, beba pleti ya zamani mkononi. Pima kipenyo, hesabu meno ya katikati, linganisha urefu wa kitovu. Taja namba ya chesesi, usitaje jina la gari peke yake, maana Altezza ya SXE10 ina injini ya silinda nne na ile ya GXE10 ina silinda sita, na muuzaji mwenye haraka atakwambia "inaingia hiyo" akimaanisha zote. Boksi lisikudanganye. Itoe pleti, itazame kwenye mwanga: ribiti, yaani misumari inayoshikilia laini, ziwe zimekaa sawa na zimezama kwa kina kimoja, maandishi yawe yamegongwa kwenye chuma chenyewe, springi zisicheze. Presha ikiwa na kutu kwenye uso wa kusuguana, iache. Na omba risiti yenye namba ya spea, kwa sababu bila hiyo hutaweza kurudisha kitu.

Namba mbili: Steji 1, kwa aliyeongeza nguvu kweli

Kama umepandisha presha ya tabo au umebadilisha programu ya injini, klachi ya kiwanda itaanza kuteleza kwenye gia za juu, na hapo Steji 1, yaani klachi iliyoimarishwa hatua ya kwanza, ina haki yake. Kwa kawaida laini ni za aina ileile tulivu, ila presha pleti inabana zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: uwezo wa klachi kubeba nguvu hupanda sambamba na mbano, hivyo mbano ukiongezeka kwa asilimia 30, klachi nayo inabeba asilimia 30 zaidi. Gharama yake inalipwa na goti la kushoto, hasa Barabara ya Mandela malori yanapokuzunguka. Klachi masta iliyochoka nayo haitamudu uzito huo muda mrefu, kwa hiyo ibadilishe siku hiyohiyo.

Namba tatu: ya mtumba kutoka Japani

Naipa nafasi ikiwa inakuja pamoja na giaboksi na flaiwili, yaani gurudumu zito la injini ambalo pleti hulishika, kutoka gari lililokatwa nusu, na ikiwa muuzaji anakuruhusu kuifungua. Pima kina kutoka uso wa laini mpaka kichwa cha ribiti. Toyota huweka mwisho wa kina hicho kwenye milimita 0.3. Ikiwa imekaribia hapo, unanunua ufundi wa kushusha giaboksi mara mbili. Nunua beringi mpya hata hivyo.

Namba nne: kubandika laini mpya kwenye pleti ya zamani

Wapo mafundi stadi wa kazi hii, na kwa lori au gari la kazi lisilozungusha injini sana, inafanya kazi kwa miaka. Kwa gari la spoti nakataa kabisa. Nguvu inayovuta laini kutoka kwenye pleti hukua kwa mraba wa mizunguko. Injini inayofika 7600 huvuta laini zaidi ya mara sita ya injini inayozungushwa 3000. Ribiti ikiachia kwenye mwendo huo, vipande hutawanyika ndani ya nyumba ya klachi, na nyumba hiyo iko karibu na miguu yako.

Mwisho wa orodha: seramiki za vipande na diski pacha (pleti mbili kwa pamoja)

Rafiki yangu aliiwekea Impreza yake pleti ya vipande sita vya seramiki, isiyo na springi. Kwenye barabara tupu ya Bagamoyo usiku inanyanyua gari kama limepigwa teke. Lakini akiwa Mwenge saa mbili asubuhi gari linaruka kama mbuzi, giaboksi inagonga, na flaiwili inaliwa haraka kuliko pleti. Aliivumilia wiki tano akairudisha. Vitu hivi ni vya mashindano, na huko vinafaa sana.

Flaiwili ndiyo ninayoona ikisahaulika zaidi. Pleti mpya juu ya flaiwili yenye mifereji au madoa ya bluu itatetemeka kila unapoondoka. Ipeleke karakana ikachongwe usawa kidogo, isipokuwa ile ya vipande viwili yenye springi ndani, inayopatikana kwenye magari mengi ya Ulaya. Hiyo kwa kawaida haichongwi, hubadilishwa. Hapo hapo badilisha sili ya nyuma ya krenki, maana tone la oili kwenye laini mpya linaiua kabla haijaanza kazi.

Na kwa wenye Subaru za tabo: nyingi zina klachi ya kuvutwa, ambayo beringi yake imejifunga ndani ya presha pleti. Fundi lazima aondoe shafti ya uma wa klachi, ule unaosogeza beringi, kupitia tundu lililo ubavuni mwa giaboksi kabla ya kutenganisha. Muulize kabla hajaanza kama anaijua hiyo shafti. Akisita, mshukuru na utafute mwingine, kwa sababu asiyejua hutumia nguvu na kuvunja uma.

Simama karibu wakati wa kufunga. Uso wa presha na flaiwili ufutwe kwa dawa ya kusafishia breki, grisi iwe ya kupaka kidogo kwenye meno tu, na bolti zikazwe kwa kupishana, hatua kwa hatua, kwa spana ya kupimia. Kisha kwa kilomita 800 za kwanza endesha mjini kwa upole: usiiteleze kwenye mlima, tumia breki ya mkono kuondokea, na usivute zaidi ya nusu ya mafuta kwenye gia za chini. Harufu kidogo siku mbili za mwanzo ni kawaida. Ikiendelea mpaka wiki ya pili, rudi gereji ukiwa na risiti yako.