Mfumo wa kufuatilia kahawa kwa blokcheni (daftari la kidijitali ambalo rekodi zake hazifutiki kimyakimya): naupa nyota tatu kati ya tano

Nianze na kilichonikosha, apu ya hawa wenye mfumo inafanya kazi bila netiweki. Sisi tunakaanga na kufunga kahawa Moshi, kiwanda kidogo tu, mzigo tunachukua AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za mlimani huko ambako netiweki inakuja ikijisikia, kwa hiyo karani anapima, anaingiza kilo na namba ya mkulima, akishuka barabarani vyote vinapanda vyenyewe. Pointi ya GPS ya kila kihamba, yani shamba la nyumbani la mkulima, ilichukuliwa mara moja tu wakati wa kusajili. Hapo wapewe maua yao.

Na hiyo pointi ndo kitu mnunuzi wa Ulaya anaitaka. Sheria ya EU namba 2023/1115 inasema kahawa, hata iliyokaangwa, lazima ijulikane imetoka shamba gani na kwamba hapo hapakukatwa msitu baada ya 31 Disemba 2020. Shamba lisilofika hekta 4 pointi moja inatosha, na vihamba vyetu viko chini ya hapo kwa mbali, kwa hiyo kazi sio kubwa kama watu wanavyotishana. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja ila wanunuzi wa huko wameshaanza kudai.

Sasa blokcheni yenyewe... sheria wala haiitaji, wauzaji wakija na projekta yao watawaambia vingine. Kinachofanyika ni kwamba rekodi ikishaingia haifutiki kimyakimya, ukitaka kurekebisha unaongeza nyingine na ile ya kwanza inabaki inaonekana. Safi. Lakini haijui kama mzani umechezewa, karani akiandika kilo 80 badala ya 60 basi hizo 80 zitatunzwa kwa heshima zote. Na mzigo ukifika kukobolewa ukachanganywa na wa watu wengine mnyororo umekatika hapo hapo, ilibidi tuombe loti yetu ikobolewe peke yake na hiyo ina gharama zake, hakuna aliyetuambia mwanzoni. Nyota ya kwanza ikaenda.

Ya pili imekwenda na bei. Wanatoza kwa loti, yani mwenye loti ndogo ndogo kama sisi anaumia kuliko mwenye kontena zima, kweli hii? Halafu kupata data zako kwenye Excel mpaka uwaandikie imeili na kusubiri. TradeLens, mfumo wa blokcheni wa kufuatilia mizigo ya meli wa Maersk na IBM, ilianza 2018, 2022 wakatangaza wanafunga, na wale ni wakubwa, sasa hawa wetu wakifunga kesho data za wakulima naenda kuzidai wapi?

Msimbo wa QR kwenye pakiti ni mzuri kwa watalii, wanaskani wanaona kijiji wanafurahi (majina ya wakulima tumeyaficha). Wateja wa Dar hawaskani, wanauliza bei.

Kama unauza ndani tu, daftari linalojazwa vizuri linakutosha, okoa hela yako. Kama una mnunuzi Ulaya chukua, ila kwanza waandike kwenye mkataba kwamba data ni zako na unazitoa muda wowote, na kwenye mafunzo yao usimpeleke meneja, mpeleke yule karani anayeshika mzani.