Lincoln MKT yenye tabo mbili: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Siku nilipolileta gari hili nyumbani, miaka mitatu iliyopita, shemeji yangu alilizunguka mara mbili bila kusema neno, akasimama mbele ya ile grili pana inayofanana na mdomo wa nyangumi, kisha akaniuliza kwa upole: "Shemeji, hili si lile la kubebea maiti?" Sikuwa na la kumbishia. Lincoln Town Car ilipoacha kutengenezwa mwaka 2011, MKT ndiyo iliyorithi kazi ya kuwapeleka abiria viwanja vya ndege, na si machache yaliyogeuzwa kuwa magari ya mazishi, kwa hiyo mkazi yeyote wa hapa Minneapolis amekwisha kuliona likitambaa mbele ya msafara. Wasilolijua wengi ni kwamba baadhi yao, likiwemo langu, yana injini ambayo haikuumbwa kwa ajili ya kutambaa.

Langu ni la mwaka 2013, lenye injini ya lita 3.5 ambayo Ford, wenye Lincoln, huiita EcoBoost: silinda sita na tabo mbili, yaani feni ndogo zinazozungushwa na moshi wa injini ili zishindilie hewa ndani ya silinda. Liliundwa Oakville, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kwenye kiwanda kilekile kilichokuwa kikitoa Ford Flex, ambalo ni ndugu yake wa damu kwa upande wa chasisi, na liliendelea kutolewa hadi mwaka 2019. Urefu wake unakaribia mita 5.27. Kwa msomaji aliyezoea magari ya nyumbani, huo ni urefu unaoipita Land Cruiser 200 kwa sentimita 30 na ushee, ingawa kwa kimo MKT ni fupi na dereva wake hukaa chini zaidi, karibu kama yuko ndani ya saluni kubwa. Uzito wake unazidi tani mbili hata kabla ya abiria wa kwanza kuingia.

Jambo la kusema juu ya gari hili ni injini, na mengine yote yanafuata nyuma yake. Nguvu zake ni farasi 365, lakini tarakimu hiyo peke yake inapotosha, kwa sababu MKT ya kawaida ya mwaka huohuo, isiyo na tabo, yenye lita 3.7, ina farasi 303, na mtu anaweza kudhani kwamba tofauti ni ndogo. Tofauti iko kwenye torki, ile nguvu ya kuzungusha ambayo ndiyo unayoisikia mgongoni. Injini ya tabo hutoa kiasi cha Nm 475, na huanza kuitoa yote ikiwa kwenye mizunguko 1,500 tu kwa dakika, na haiiachi mpaka imepita 5,000. Maana yake ni kwamba hungoji injini ipande na kupiga kelele ndipo gari liondoke. Unakanyaga mafuta kidogo, tuseme upana wa kidole kimoja, na lile jengo zima linasogea.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulilijua neno tabo kutokana na malori na mabasi ya dizeli, yale ambayo ukikanyaga mafuta yanavuta pumzi kwanza, unasikia mluzi, halafu ndiyo yanakwenda. Hapa hakuna kusubiri kwa namna hiyo. Badala ya tabo moja kubwa zimewekwa mbili ndogo, kila moja ikizungushwa na moshi wa silinda tatu, na kitu kidogo hushika kasi upesi kuliko kikubwa. Petroli nayo hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa sana, ikaipoza hewa iliyomo, na ndiyo maana wahandisi waliweza kubakiza mkandamizo wa 10 kwa 1, yaani hewa kubanwa hadi sehemu ya kumi ya nafasi yake, bila injini kugonga kwa petroli kulipuka kabla ya wakati. Mluzi upo, ila ni mdogo mno. Mimi huusikia redio ikiwa imezimwa, mtoto akiwa amelala nyuma, na kioo cha upande wangu kikiwa kimeteremka kidogo.

Mahali ninapolipimia gari hili ni barabara ya I-35 kati ya hapa na Duluth, safari ya kilomita kama 250. Sehemu kubwa ya njia ni tambarare na misonobari, na gari limekaa kwenye gia ya sita huku injini ikinong'ona. Karibu na Duluth barabara inafika ukingoni mwa Thompson Hill, ziwa Superior linafunguka mbele yako lote kama bahari ya Tanga asubuhi, na kuanzia hapo unateremka moja kwa moja hadi mjini. Wakati wa kurudi ndipo kilima kinapokuwa mtihani. Mara ya mwisho tulikuwa watu sita na mizigo, na lori refu mbele yetu lilikuwa limekwisha kuchoka nusu ya mlima. Niliingia njia ya kushoto na kuongeza mafuta kwa utaratibu, giaboksi ikashuka gia moja tu, na tulipolipita lori hilo mama mkwe, aliyekuwa kiti cha kati, alikuwa bado anamenya chungwa lake bila hata kuinua macho. Ningekuwa na lile gari langu la zamani, lisilo na tabo, lingeshuka gia tatu, lingenguruma, na mama angeuliza kuna nini.

Hata hivyo, gari hili si la kukimbizwa kwenye kona, na anayelinunua kwa sababu amesoma farasi 365 atajidanganya. Ukiliingiza kwenye mzunguko wa kutokea barabara kuu kwa kasi, uzito unaegemea gurudumu la mbele la nje, na unaelewa mara moja kwamba umeomba lisilofaa. Shokapu zake hubadilisha ugumu zenyewe kulingana na barabara, na zikishirikiana na usukani wa umeme hulifanya gari litulie vizuri kwenye njia iliyonyooka. Ukiweka gia kwenye S, ile ya mwendo wa kimichezo, hukaza kidogo. Nimeijaribu S mara nyingi, nikairudisha D, ile ya mwendo wa kawaida, mara nyingi zaidi, maana mbavu za abiria hazikuomba michezo. Breki za toleo la 2013 ni kubwa kuliko za matoleo ya mwanzo, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kutolitafuta la 2010 hata likiuzwa bei ya kutupa, kwani kusimamisha zaidi ya tani mbili kwenye mteremko kama wa Duluth si kazi ndogo.

Baridi ni sura nyingine. Injini ya tabo haikuuzwa bila mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, na kwa hapa Minnesota hilo ni jambo la kushukuru. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kubwa, ya nyuma yanaitwa pale yanapohitajika. Lakini tairi zake pana za rimu ya inchi 20 ni za mapambo zaidi kuliko za theluji, na majira ya baridi ya kwanza niliteleza taratibu hadi kwenye ukingo wa barabara mbele ya msikiti, watu wakitoka sala ya Ijumaa. Hakuna aliyeumia isipokuwa heshima yangu. Wiki iliyofuata nilinunua tairi za baridi, na tangu hapo halijateleza tena kwa namna ile. Nguvu nyingi bila tairi zinazoshika ni kujiongezea njia za kuteleza.

Mwaka wa pili gari lilianza kukohoa. Likiwa linatembea polepole lilikuwa sawa kabisa, ila nikikanyaga mafuta kwa nguvu lilitikisika mara mbili tatu kabla ya kuondoka. Gereji moja iliniambia tabo zote mbili zimekufa na ikanitajia bei iliyonifanya nikae chini. Nilimpelekea fundi mwingine, mzee aliyetokea Bukavu ambaye hufanya kazi kwenye banda nyuma ya nyumba yake, naye hakugusa tabo. Alichomoa plagi, akanionyesha moja kwenye kiganja: mwanya kati ya ncha zake ulikuwa umelika na kupanuka. Alinieleza kwamba tabo inaposhindilia hewa ndani ya silinda, cheche hupata taabu kuruka, na mwanya ukishapanuka hairuki kabisa, kwa hiyo silinda inakosa zamu yake. Tulibadilisha plagi zote sita. Tatu za nyuma zimebanwa karibu na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, na zilimla mzee ngozi ya vidole, lakini kikohozi kiliisha siku hiyohiyo.

Kuhusu mafuta, makadirio rasmi ya Marekani ni kilomita 6.8 kwa lita mjini na 9.8 kwenye barabara kuu. Safari za Duluth hunipa karibu na hiyo ya pili nikijizuia. Nisipojizuia, tangi la lita 70 huisha kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Linatumia petroli ya kawaida ya oktani 87, si ile ya bei ya juu, na hapo angalau mfuko hupumua.

Ndani sitakaa sana. Viti vya mbele na vya kati ni vya kifalme, kimya ni kikubwa, paa la kioo huwafurahisha watoto. Safu ya tatu ni ya watoto pia, kwani paa linateremka kwa nyuma na mtu mzima hukaa ameinamisha shingo kama aliyekosa.

Kwa anayetaka kulinunua likiwa limetumika, asiridhike na kulizungusha mtaani likiwa limepata moto. Aombe kuliwasha asubuhi likiwa baridi, na asikilize mlio wa mnyororo wa taimingi, ule unaopanga zamu za vali ndani ya injini. Aulize oili imebadilishwa kila baada ya maili ngapi na adai risiti, kwa sababu tabo huishi kwa oili safi. Pampu ya maji ya injini hii imewekwa ndani, ikizungushwa na mnyororo huohuo, na ikivuja maji yanaweza kuishia kwenye oili badala ya chini ya gari ambapo ungeyaona. Basi achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute kwa kitambaa cheupe, akitumbukize tena na kukitazama kwenye mwanga wa jua. Akikuta rangi ya chai ya maziwa, amrudishie mwenye gari ufunguo wake.