Miaka 4 ya Dar–Lubumbashi: kampuni yangu naipima siku gari limesimama

Wiki iliyopita kijana wa jirani yetu hapa Mbagala, ambaye kapata leseni ya daraja E, ya kuendesha malori, mwaka huu, alinifuata nyumbani akaniuliza, "Kaka, kwenu kunafaa? Nilete barua?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kutoka safari. Leo namjibu vizuri, na wengine wanaotaka kuingia wasome. Jina la kampuni siliandiki, maana bado nakula hapo na manung'uniko ninayo. Ni kampuni ya malori ya ukubwa wa kati, inayosafirisha mizigo mpaka Lubumbashi, Kongo; yadi iko Dar, magari yanakaribia 80, mengi Scania na mengine Howo. Kwenda tunabeba makontena, salfa na mashine za migodini. Kurudi tunabeba shaba. Nina miaka 4 hapa, na kabla ya hapo nilikaa miaka 5 kwa tajiri mwingine, kwa hiyo nina cha kulinganisha.

Nianze na pesa. Mshahara wangu ni 420,000 kwa mwezi kabla ya makato, na posho ya safari ya Lubumbashi ni 800,000 kwenda na kurudi. Ukipangiwa Kolwezi, mbele zaidi ya Lubumbashi, wanaongeza 150,000. Posho napewa yote kabla sijawasha gari, na hilo naliheshimu sana, kwa sababu kule nilikotoka tulipewa nusu, nusu nyingine unaambiwa utaikuta Tunduma, na Tunduma huikuti. Mkataba upo wa maandishi na nakala yangu anaitunza mama watoto. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapeleka, ila kuna miezi 5 ya mwaka 2022 ambayo haikuonekana kwenye taarifa yangu mpaka tulipoingia ofisini madereva 9 kwa pamoja. Baada ya hapo iliingizwa. Kwa hiyo ukijiunga, angalia taarifa yako kila baada ya miezi michache, usingoje siku unaacha kazi.

Magari ni mazima. Hapa gari halitoki na tairi kipara. Mzee wa karakana anapita na nyundo, anagonga tairi moja moja, zote 22, huku kainamisha kichwa anasikiliza mlio. Tairi lenye upepo mdogo linajibu kwa sauti nzito, naye akilisikia anachora alama ya chaki, na hapo hata bosi mwenyewe aje, gari halitoki getini.

Anayeijua Kitonga ataelewa kwa nini nalitaja hili mapema. Ukirudi na shaba, ukishatoka Iringa na kuvuka Ilula, ule mteremko unaushuka na mzigo wote mgongoni, kona juu ya kona, na bonde liko chini yako. Unaingia na gia ndogo tangu juu kabisa, unaiachia breki ya injini ifanye kazi, breki ya mguu unaigusa na kuiachia. Ukikanyaga muda wote zinachemka, unaanza kusikia harufu ya kuungua inaingia kwenye kabini, na ukifika hapo umeshachelewa. Mwaka 2019, kwa yule tajiri wa zamani, niliandika kwenye daftari mara 3 kwamba breki za ekseli ya mwisho ya tela hazishiki. Nikaambiwa nenda, utatengenezewa ukirudi. Nilishuka Kitonga nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Hapa nimeandika mara moja tu, gari likazuiwa siku 2, mzigo akapewa mwenzangu, na sikukatwa hata shilingi.

Mizani ya barabarani nayo haisumbui. Vigwaza, Mikese, Makambako mpaka Mpemba, uzito wa ekseli ukizidi kwa sababu ya upakiaji mbaya wa yadi, faini ni ya kampuni. Imeandikwa kwenye mkataba na wanaitekeleza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Lori likiwa linatembea, kila tajiri ni mwema. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930, siku 2 au 3 umefika bila kujiumiza. Kinachokula mwezi ni kusimama. Unasimama Tunduma, unasimama Nakonde upande wa Zambia, unasimama Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, unasimama mgodini ukisubiri kushusha, halafu unasimama tena ukisubiri mzigo wa kurudi. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019 makaratasi yamepungua kweli, lakini mtandao wa forodha ukikatika tu foleni inarudi nyuma mjini huko. Na posho uliyopewa Dar imepigiwa hesabu ya gari linalotembea.

Agosti 2024 nilikuwa upande wa Zambia, nimeshapita Chililabombwe, mpaka wa Kasumbalesa nauona kwa macho. Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi vya kutoka nje, Zambia ikajibu kwa kufunga mpaka. Ulifungwa siku chache tu, lakini malori yaliyokuwa yamejipanga pale hukuweza kuuona mwisho wake. Mimi nilikaa siku 11 jumla. Asubuhi unaamka kioo cha mbele kimejaa vumbi jekundu, unawasha jiko dogo la gesi kwenye kivuli cha tela, unachemsha chai kwa maji ya dumu uliyonunua jana yake. Usiku hulali ukalala, maana vijana wanapanda nyuma na visu wanachana turubai. Wenzangu wanne tuligawana zamu, kila mtu saa 2, anazunguka na tochi.

Tulipovuka hatimaye, foleni ya upande wa Kongo nayo ilikuwa inatusubiri. Watoto wanapita katikati ya magari na madumu vichwani, "Papa, mayi iko!" Kiswahili chao cha Lubumbashi ukikisikia baada ya siku zote zile unajisikia umefika kwa ndugu.

Siku ya sita ya kusimama, wakala wetu wa forodha alinipigia akaniambia nimfuate kwenye kibanda chake. Nikakuta bahasha yenye kwacha zinazolingana na dola 60, na karatasi ya kusaini yenye jina langu na namba ya gari. Posho ya kusimama, dola 10 kwa siku, kama mkataba unavyosema. Sikuiomba. Sikupiga simu kumlilia mtu. Nilinunua unga, kapenta (dagaa wa kule), nyanya, sabuni, na salio la kuongea na watoto. Siku ya mwisho nikaletewa iliyobaki. Hicho ndicho kilichonifanya nisiondoke kwenye kampuni hii, pamoja na yote nitakayoyasema huko chini.

Na mjue kwamba hii si sadaka. Gari likisimama kupita siku walizokubaliana, mwenye gari anamdai mwenye mzigo demareji, kila siku na bei yake. Kwa hiyo pesa ya kusimama ipo na kampuni nyingi zinaipokea. Dereva anayekesha akiulinda mzigo ule ana haki ya kipande chake. Matajiri wengi hilo hawataki hata kulisikia.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeishi upande wa pili. Mwaka 2018, nikiwa na yule tajiri wa zamani, nilikwama Nakonde siku 19 kwa sababu ya karatasi moja ambayo ofisi ilikosea. Posho iliisha siku ya nane. Nikipiga simu naambiwa "vumilia, tunashughulikia", mwishowe simu haipokelewi. Siku ya kumi na mbili nilitoa lita 20 za dizeli kwenye tangi, nikauza, nikala. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo mpaka leo ninapoliandika. Baba yangu alinilea nisiguse cha mtu, na nilipokaa kula ule ugali mkono ulikuwa mzito. Maofisini wanasema madereva ni wezi wa mafuta. Wapo wezi, sikatai. Lakini wangehesabu pia ni wangapi walianza siku posho ilipoisha na simu ikaacha kupokelewa.

Mfano mwingine wa kampuni ya sasa, kwa haki yake. Mwaka jana giaboksi ilinifia kabla ya kufika Mpika, jioni ya Jumapili, gari likiwa kwenye kilima. Nikaweka mawe nyuma ya tairi, nikapanga pembetatu, nikakata matawi na kuyatandaza barabarani kwa mbali ili anayekuja ajue. Mkuu wa magari alipokea simu mlio wa pili. Fundi alitoka Tunduma usiku uleule akanifikia kesho yake mchana, akaona haitengenezeki pale, wakaagiza kichwa kingine cha kuvuta tela. Nililala porini usiku 3. Wakati wote huo kila asubuhi nilipigiwa kuulizwa nimekula nini. Wanakijiji walinipa mihogo ya kuchoma wakakataa pesa. Mungu awabariki.

Manung'uniko yangu sasa. La kwanza ni mafuta. Wamefunga kifaa kwenye tangi kinachopima kila lita, na hilo silipingi. Tatizo ni kwamba hesabu yao inakwenda kwa kilomita tu. Foleni ya Kasumbalesa inasogea gari moja moja, unawasha, unasogea hatua kumi, unazima, unawasha tena, siku nzima. Ile safari ya Agosti nilirudi nikaambiwa nina upungufu wa lita 60, nikakatwa 180,000. Nilichapisha taarifa ya GPS yao wenyewe inayoonyesha saa ambazo injini ilikuwa inawaka huku gari halitembei, nikaipeleka kwa mhasibu. Ilichukua miezi 2 kurudishiwa nusu. Nusu nyingine naidai mpaka leo, na kila mwisho wa mwezi namkumbusha.

La pili linaniuma zaidi. Tangu 2023 wameondoa matingo, wasaidizi wa dereva. Wanasema magari ya kisasa hayahitaji msaidizi. Hawajawahi kubadilisha tairi la tela peke yao usiku ndani ya hifadhi ya Mikumi. Tingo ndiye anayeshuka kukutazamia nyuma unaporudi rivasi, ndiye anayekaza turubai, ndiye anayekusemesha usingizi unapokuja. Tena mimi mwenyewe nilijifunza kazi hii nikiwa tingo, miaka 3, kwa mzee mmoja wa Makambako ambaye kabla ya kunipa usukani alinifanya nijue kila nati ya gari. Kijana anayekuja leo na leseni mkononi atajifunzia wapi kushuka Kitonga? Atajifunzia Kitonga penyewe.

La tatu ni simu. Kampuni imekataza kuendesha kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri, na nawapongeza kwa dhati, wengi wetu tuko hai kwa sheria hiyo. Lakini kuna wapangaji wa safari wanaosahau kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa 1. Dar ikiwa saa 12 asubuhi, mimi ni saa 11, giza bado, na simu inalia, "Mbona gari halisogei?" Nimewaambia kwenye vikao vyote. Wakubwa wanaelewa, vijana wapya wa ofisini bado.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulete barua. Lakini kwanza njoo yadi siku ya Jumamosi asubuhi, magari yanapoingia. Usiwaulize walio ofisini, waulize waliotoka kulala Kasumbalesa, waulize walikula nini siku ya kumi. Uliza kama posho ya kusimama imeandikwa kwenye mkataba unaopewa wewe, maana nasikia mikataba mipya wanataka kuifanya ianze siku ya saba badala ya siku ya kwanza. Sisi wa zamani tumeshaandika barua kuipinga na tumesaini watu 31.

Nyota naipa 3 kati ya 5. Ya nne nimewawekea, waichukue siku watakaporudisha matingo. Jumatatu napakia salfa ya Kolwezi.