Kipima mvua cha plastiki kwa mkulima wa maeneo makame
Kwa mkulima anayetegemea mvua katika maeneo makame, ambako msimu sasa huchelewa kuanza na hukatika kabla ya mazao kukomaa, sijaona kifaa rahisi kinachofaa kuliko kipima mvua cha plastiki. Kila milimita 1 kinayoonyesha ni sawa na lita 1 ya maji katika mita 1 ya mraba, hivyo mvua ya milimita 20 imemwaga lita 200,000 katika hekta moja. Tarakimu hiyo humsaidia mkulima kutofautisha manyunyu ya kudanganya, yanayootesha mbegu kisha kuziacha zikauke, na mvua iliyolowesha udongo kiasi cha kupanda mtama au kunde. Hapo ndipo ninapokithamini zaidi, maana mbegu iliyopotea mara nyingi haina mbadala ghalani.

Kasoro zipo. Plastiki hupauka na kupasuka kwa jua kali, na alama zilizochapwa juu juu hufutika. Ni afadhali kuchagua chenye alama zilizochongwa. Kisimikwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na kisomwe kila asubuhi kabla jua halijavukiza maji, jambo ambalo maelezo yaliyoambatana na changu hayakulitaja.

Tena hakipimi unyevu uliomo ardhini. Mvua kubwa ya ghafla inaweza kutiririka juu ya udongo mgumu na kupotea, kwa hiyo kabla ya kupanda ni lazima pia kuchimba na kuona maji yamefika wapi.